Kilichotolewa Nje ya Mabano Hakijatupwa

Kitendawili!

Najua mmeitikia "tega", nami natega kimoja chenye umri wa miaka zaidi ya 1,100. Kuna namba. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata mraba wake. Miraba mitano ya namba hiyo ni sawasawa na namba yenyewe mara kumi. Namba hiyo ni ipi?

Msikimbilie kujibu. Kitendawili hiki kina jibu moja ambalo kila mwenye subira ataliona, na kina jibu la pili ambalo hata yule aliyekiandika hakulihesabu. Nitawaonyesha yote mawili, lakini kwanza mjue kimetoka wapi.

Kimetoka Baghdad. Mji huo ulikuwa chini ya khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833, mtu aliyependa elimu na kuwakusanya wanazuoni wa nyota, tiba na hesabu, wakatafsiri vitabu vya Wagiriki na Wahindi na kuandika vyao wenyewe. Mmoja wao alikuwa Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Aliandika kitabu cha hesabu ambacho ndicho kilichoipa aljebra jina lake. Hakukiandika ili kuwatisha wanafunzi. Alisema mwenyewe mwanzoni mwa kitabu kwamba anataka kuwasaidia watu katika mambo yanayowakabili kila siku: kugawa mirathi, kufanya biashara, kupima mashamba, kuchimba mifereji.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi hulifikiria kila nikikitaja kitabu hicho. Ndani yake hamna x hata moja. Hamna alama ya kujumlisha, hamna alama ya "ni sawa na", hamna mabano. Kila kitu kimeandikwa kwa maneno, hata namba. Hesabu ambayo leo mwanafunzi anaiweka kwenye mstari mmoja wa daftari, yeye aliieleza kwa sentensi nzima, kama mtu anayesimulia. Sisi tukiiandika kwa alama zetu, hesabu ya kitendawili chetu ni hii:

5x² = 10x

Yeye alifikiri hivi. Ikiwa miraba mitano ni sawa na namba yenyewe mara kumi, basi mraba mmoja ni sawa na namba yenyewe mara mbili. Na namba ambayo mraba wake ni sawa na yenyewe mara mbili, ni mbili. Hakikisheni: 2 mara 2 ni 4, na 4 mara tano ni 20. Upande wa pili, 2 mara kumi ni 20. Pande zote zimelingana, na al-Khwarizmi akasonga mbele kwenye hesabu nyingine.

Lakini ninyi ngojeni kidogo. Wekeni sifuri mahali pa x. Mraba wa sifuri ni sifuri, na miraba mitano ya sifuri ni sifuri. Upande wa pili, sifuri mara kumi ni sifuri. Pande zimelingana tena! Sifuri nayo ni jibu, na al-Khwarizmi hakuihesabu.

Asije mtu akasema mzee yule hakuijua sifuri. Aliandika kitabu kingine kuhusu namba za Kihindi, zile 1, 2, 3 tunazotumia leo pamoja na sifuri yake, na kupitia kitabu hicho Wazungu wengi walijifunza kuziandika. Ila katika aljebra yake alikuwa anatafuta namba unayoweza kuichora kuwa upande wa mraba, na mraba ambao upande wake ni sifuri hauchoreki.

Sisi tunaitaka sifuri hiyo, na tutaipata. Njia ya kuipata ndiyo ninayotaka kuwafundisha leo: kutafuta kigawo kikubwa cha shirika cha vipande vyote vya mtajo, yaani vya hesabu iliyoandikwa kwa alama, kukitoa nje ya mabano, na kukiacha pale nje, mbele, kikionekana. Neno kubwa ni hilo la mwisho. Kukitoa nje si kukitupa.

Tuanze na namba tupu, bila herufi. Jioni ya Ramadhani mama ana chapati 12 na sambusa 18. Anataka kuzipanga kwenye sahani nyingi iwezekanavyo, kila sahani iwe sawa na mwenzake, na kisibaki kitu. Sahani ngapi? Namba zinazogawanya 12 bila baki, yaani vigawo vyake, ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Zinazogawanya 18 ni 1, 2, 3, 6, 9 na 18. Zilizomo kwenye orodha zote mbili ni 1, 2, 3 na 6, na kubwa kuliko zote ni 6. Hiyo ndiyo KKS ya 12 na 18, kigawo kikubwa cha shirika. Sahani ni sita, kila moja ina chapati 2 na sambusa 3:

12 + 18 = 6(2 + 3)

Tazameni mabano hayo vizuri. Nje ni idadi ya sahani, ndani ni kilichomo katika kila sahani. Ukifuta ile 6 ya nje, umebaki na sahani moja tu, na watu watano wamekosa futari. Ndiyo maana nimesema kinachotoka nje hakitupwi.

Kwa namba ndogo kama hizo orodha inatosha. Je, mkipewa 252 na 198? Orodha zitakuwa ndefu na mtu anaweza kuruka kigawo. Hapo kuna njia ambayo naipenda kuliko zote, na ina umri mkubwa hata kuliko kitendawili chetu. Imo katika kitabu cha saba cha Euclid, mwalimu aliyefundisha Alexandria, Misri, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Euclid anasema: toa ndogo kwenye kubwa, kisha endelea kutoa, mpaka namba zilingane.

252 toa 198 ni 54. Sasa tuna 198 na 54. 198 toa 54 ni 144, toa tena ni 90, toa tena ni 36. Sasa tuna 54 na 36. 54 toa 36 ni 18. Sasa tuna 36 na 18. 36 toa 18 ni 18. Zimelingana, na KKS ni 18.

Kwa nini inakubali? Kwa sababu kigawo kinachogawanya namba zote mbili bila baki hakina budi kugawanya pia tofauti yake bila baki. Kwa hiyo kila mnapotoa, namba zinapungua lakini kigawo cha shirika kinabaki palepale, hakiguswi, mpaka kinabaki peke yake. Hamkuhitaji kujua jedwali la kuzidisha la 18. Kutoa peke yake kumetosha.

Sasa tuingize herufi. Alama ya x² maana yake ni x·x. Alama ya x³ ni x·x·x. Ile namba ndogo ya juu huitwa kipeo, na kila kipeo kinapopanda hatua moja, x nyingine imezidishwa. Baghdad hiyohiyo, kama miaka 200 baada ya al-Khwarizmi, mwanahesabu aliyeitwa al-Karaji alizichunguza ngazi hizi za vipeo, akaonyesha namna ya kuzijumlisha, kuzizidisha na kuzigawanya zenyewe bila kuchora miraba na mistatili. Karne iliyofuata akaja al-Samaw'al, ambaye aliiendeleza kazi hiyo kwa kupanga namba za kila kipeo kwenye safu za jedwali, kama tunavyopanga mamoja, makumi na mamia. Alikiandika kitabu chake akiwa na umri wa miaka 19. Wapo kati yenu wenye kaka au dada wa umri huo.

Mtajo wenye vipande vya namna hii, vya namba na herufi zenye vipeo, vikiwa vimejumlishwa au kutolewa, huitwa polinomia. Huu hapa ni mmoja:

12x³ + 18x²

Ina vipande viwili. KKS ya 12 na 18 tunaijua tayari, ni 6. Kwenye herufi, kipande cha kwanza kina x tatu zilizozidishwa, cha pili kina mbili. Ngapi zimo katika vyote viwili? Mbili. Kwa hiyo x² inatoka nje pamoja na 6. Hapa kanuni ni moja tu: kipeo kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachoamua. Huwezi kutoa x tatu kwenye kipande kilicho na mbili. Na kama kuna kipande hata kimoja kisicho na x, basi x haitoki kabisa.

Gawanyeni kila kipande kwa 6x². 12x³ ikigawanywa inabaki 2x. 18x² ikigawanywa inabaki 3. Kwa hiyo:

12x³ + 18x² = 6x²(2x + 3)

Mtaaminije? Fungueni mabano tena: 6x² mara 2x ni 12x³, 6x² mara 3 ni 18x². Mtajo wa mwanzo umerudi. Mkitaka ushahidi mwingine, wekeni namba yoyote mahali pa x. Tuchukue 2. Upande wa kushoto ni 12 mara 8, yaani 96, ongeza 18 mara 4, yaani 72, jumla 168. Upande wa kulia ni 6 mara 4, yaani 24, mara 7. Ni 168. Mwanafunzi anayefanya hivyo hahitaji kungoja mwalimu amwekee alama ya vema. Anajua mwenyewe.

Mwingine anaweza kuandika 2x(6x² + 9x). Je, amekosea? Hapana, kila alichoandika ni kweli. Lakini hajamaliza, kwa sababu ndani ya mabano bado 6x² na 9x zina 3x ya shirika. Ndiyo maana kila mkishatoa kitu nje, mchungulie tena ndani ya mabano. Kikionekana cha shirika, nacho kitoke kikaungane na mwenzake nje: 2x mara 3x ni 6x².

Na ule mfano mkubwa wa Euclid? 252x³ − 198x² ni 18x²(14x − 11). Haikuchukua hata dakika, kwa sababu kazi ngumu tuliifanya kwa kutoa tu.

Sasa chukueni penseli na rula, maana jambo hili linafahamika zaidi likichorwa. Euclid aliliweka mwanzoni kabisa mwa kitabu chake cha pili. Choreni mstatili mrefu uliolala. Ugaweni kwa mistari miwili ya kusimama, ili mpate mistatili mitatu midogo iliyoshikana bega kwa bega. Kimo chao ni kimoja, hakuna aliyemzidi mwenzake. Upana ndio unaotofautiana. Andikeni kimo kuwa 3x. Upana wa wa kwanza uwe 2x², wa pili 5x, wa tatu 4.

Eneo la wa kwanza ni 6x³. La wa pili ni 15x². La wa tatu ni 12x. Eneo lote ni jumla ya hayo matatu, na eneo lote ni pia kimo kimoja mara upana wote:

6x³ + 15x² + 12x = 3x(2x² + 5x + 4)

Mnaposoma mstari huo kutoka kulia kwenda kushoto, mnafungua mabano: mnajua kimo na upana, mnatafuta maeneo. Mnapousoma kutoka kushoto kwenda kulia, mmepewa maeneo matatu, na mnaulizwa: je, mistatili hii inaweza kusimama bega kwa bega? Kimo chao cha pamoja kirefu kabisa ni kipi? Swali la KKS ni hilo. Na kimo hicho hakiwezi kutupwa, kwa sababu mstatili usio na kimo hauna eneo.

Kuna mahali wanafunzi wengi huanguka, wakubwa kwa wadogo, na nataka tupakanyage polepole. Chukueni mtajo huu wenye herufi mbili:

20a³b² + 30a²b⁴ − 10a²b²

KKS ya 20, 30 na 10 ni 10. Kipeo kidogo cha a ni 2. Kipeo kidogo cha b ni 2. Kinachotoka nje ni 10a²b². Kipande cha kwanza kinabaki 2a. Cha pili kinabaki 3b². Cha tatu je? Kimetoka chote, namba na herufi zote. Hapo ndipo wengi huandika 10a²b²(2a + 3b²) na kufunga mabano, wakidhani nafasi ya tatu imebaki tupu.

Haikubaki tupu. Kitu ukikigawanya kwa chenyewe hupati sifuri, unapata moja. Jibu ni:

10a²b²(2a + 3b² − 1)

Jaribuni kwa namba nyepesi kuliko zote, a iwe 1 na b iwe 1. Mtajo wa mwanzo ni 20 + 30 − 10, yaani 40. Wetu ni 10 mara 4, ni 40. Wa yule aliyeisahau moja ni 10 mara 5, ni 50. Ile moja ndogo ilikuwa na thamani ya kumi nzima. Kwa hiyo kabla hamjafunga mabano, hesabuni vipande: vilivyokuwa vitatu nje, viwe vitatu ndani.

Mtajo ukianza na alama ya kutoa, ni vizuri kuitoa nje nayo, lakini kumbukeni kwamba kila alama ndani itageuka. −4a³ + 8a² − 12a inakuwa −4a(a² − 2a + 3). Fungueni mabano mtaona kila alama inarudi kwake.

Sasa turudi Baghdad tukaichukue sifuri yetu.

5x² = 10x

Al-Khwarizmi aligawanya. Sisi pia tungeweza kugawanya pande zote kwa 5x, tukapata x = 2, tukaridhika. Lakini kugawanya kwa 5x ni kusema kwamba 5x si sifuri, kwa maana hakuna awezaye kugawanya kwa sifuri. Tungekuwa tumeifungia sifuri mlango kabla ya kuiuliza jina lake. Badala yake, tuvihamishie vipande vyote upande mmoja:

5x² − 10x = 0

KKS ya 5 na 10 ni 5. Kipeo kidogo cha x ni 1. Kinachotoka nje ni 5x:

5x(x − 2) = 0

Na sasa jambo ambalo ndilo nguvu yote ya kazi hii. Namba mbili zikizidishwa zikatoa sifuri, lazima moja kati yake iwe sifuri. Tano mara sita haiwezi kuwa sifuri, nusu mara robo haiwezi. Ni lazima mojawapo iwe sifuri yenyewe. Basi ama 5x ni sifuri, na x ni 0. Ama x − 2 ni sifuri, na x ni 2. Majibu yote mawili yamejitokeza. La kwanza limetoka katika kile tulichokiweka nje ya mabano. Tungekitupa, lingekwenda nacho.

Njia hii ya kukusanya kila kitu upande mmoja na kuacha sifuri upande wa pili ilichelewa sana kuja. Thomas Harriot wa Uingereza aliitumia, na kitabu chake kilichapwa mwaka 1631, miaka 10 baada ya kifo chake. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alichapisha katika mji wa Leiden, Uholanzi, kitabu chake cha jiometria. Humo ndimo alimoandika x kwa namba zisizojulikana na vipeo vidogo juu ya herufi, kama tuandikavyo leo. Humo pia alizidisha x − 2, x − 3, x − 4 na x + 5, akapata polinomia moja ndefu yenye vipande vitano, akaonyesha kwamba majibu yake yote manne yamo ndani ya vile vigawo vinne alivyoanza navyo. Ukivijua vigawo, umeyajua majibu.

Pengine mtoto mmoja anauliza: sifuri ni jibu la nini? Nani anaihitaji? Swali zuri, na linastahili jibu la kweli.

Mwaka 1638, katika mji uleule wa Leiden, kilichapwa kitabu cha Galileo ambamo alieleza kwamba kitu kinapoanguka, umbali wake hukua kwa mraba wa muda. Tutumie kanuni hiyo. Mpira ukipigwa wima kwenda juu kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, na tukiacha nguvu ya hewa, basi baada ya sekunde t kimo chake kwa mita ni karibu na:

20t − 5t²

Lini mpira uko chini kabisa, pale ulipopigwa? Kimo kiwe sifuri. KKS ni 5t, na mtajo unakuwa 5t(4 − t). Ama t ni 0, ama t ni 4. Sekunde ya nne ndiyo mpira unapogusa ardhi tena. Na sekunde ya sifuri? Ndiyo ile mguu ulipougusa. Ni tukio la kweli kama lile la pili, lenye mpigaji na vumbi lake.

Na si hilo tu. Kwenda juu na kurudi chini huchukua muda sawa, kwa hiyo mpira ulifika kileleni katikati ya 0 na 4, yaani sekunde ya pili. Wekeni 2 mahali pa t: 40 toa 20 ni mita 20. Mmepata kilele cha mpira kwa kutoa kigawo nje ya mabano tu. Aliyeitupa sifuri amebaki na 4 peke yake, na katikati hawezi kuipata, kwa sababu katikati inahitaji ncha mbili.

Nimewawekea la mwisho, kwa wale ambao bado macho yao yako wazi. Katika kitabu kilekile cha al-Khwarizmi kuna hesabu ambayo vizazi vya walimu wameirudia kuliko nyingine zote: mraba wa namba, ukiongezewa namba yenyewe mara kumi, unakuwa 39. Yeye aliitatua kwa kuchora. Alichora mraba, akauongezea mistatili pembeni, akajaza pembe zilizobaki kwa 25, akapata mraba mkubwa wa 64 ambao upande wake ni 8, akatoa 5, akapata 3. Ni kazi nzuri mno, na nawasihi mkiweza mwichore.

Sisi tuandike x² + 10x − 39 = 0. Vipande vitatu hivi havina kitu cha shirika zaidi ya 1. Je, tumeshindwa? Hapana. Tuikate ile 10x vipande viwili kwa akili. Tutafute namba mbili ambazo zikijumlishwa ni 10, na zikizidishwa ni −39. Ni 13 na −3. Basi:

x² + 13x − 3x − 39

Viwili vya kwanza vina x ya shirika: x(x + 13). Viwili vya mwisho vina −3 ya shirika: −3(x + 13). Mmeona? Mabano yenyewe yamekuwa ya shirika! Chote kilichomo ndani ya mabano, x + 13, ni kitu kimoja, na kinatoka nje kama kitu kimoja:

x(x + 13) − 3(x + 13) = (x + 13)(x − 3)

Ikiwa hiyo ni sifuri, ama x ni 3, kama alivyosema al-Khwarizmi, ama x ni −13. Hilo la pili nalo hakulihesabu, kwa sababu hakuna upande wa mraba wenye urefu wa −13. Lakini lipimeni: −13 mara −13 ni 169. Toa 130, inabaki 39.

Sasa zamu yenu. Al-Khwarizmi ana hesabu nyingine inayokaa jirani na ile ya kitendawili chetu: theluthi moja ya mraba wa namba ni sawa na namba yenyewe mara nne. Iandikeni kwa x. Zidisheni kwanza pande zote kwa tatu ili sehemu iondoke, hamishieni kila kitu upande mmoja, toeni nje kilicho cha shirika. Majibu ni mawili, na mzee aliliandika moja tu. Yatafuteni yote, kisha fungueni mabano tena kabla hamjafunga daftari.